Tunatuma Hela Ili Tusifike

Mwenzetu akijifungua, siku hizi mambo huenda hivi. Picha ya mguu mdogo wenye soksi inaingia kwenye kundi la WhatsApp. Hongera zinamiminika. Kabla ya jioni mweka hazina, maana kila kundi lina mweka hazina hata kama halina mwenyekiti, anabandika namba ya simu na jina litakalotokea. Mmoja anatuma elfu kumi, mwenye nafasi ishirini. Orodha ya waliotoa inarushwa upya kila anapoongezeka mtu, majina yamewekwa tiki, na aliyechelewa anaona aibu. Siku ya tatu mchango unafungwa, hela inakwenda, mzazi anaandika "Asanteni sana wapendwa, Mungu awazidishie," na sisi tunarudi kwenye Simba na Yanga.

Ukiuliza, "Nani anakwenda kumwona?" utajibiwa kwa upole, kama mtu aliyeuliza jambo la kitoto. Waacheni wapumzike. Penye kichanga mgeni ni mzigo. Wewe mwenyewe hujazaa, utakwenda kufanya nini? Na kama mzazi mwenyewe alishahamia mkoani, kikao kimefungwa: ni mbali, hela imeshafika, mtoto akikua watakuja wao mjini.

Maneno haya nimeyasikia kwa watu ninaowaheshimu, wakiwamo mama wa watoto wanne na nesi wa wodi ya wazazi. Siku hizi yamekuwa kama adabu mpya: rafiki mwema ni yule anayejua kukaa mbali. Nami nasema adabu hiyo ni ya uongo, na kwa rafiki aliyehama kabla ya kuzaa ni ya uongo mara mbili. Nitaeleza kwa nini, na nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu wanaonipinga wana ushahidi mmoja mzuri na ushahidi huo ni mimi.

Rafiki zangu wawili wanaishi Kibakwe, wilaya ya Mpwapwa. Mume tulikulia naye mtaa mmoja Tabata. Mke tulikuwa chumba kimoja hosteli ya Mabibo, enzi za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mimi ndiye niliyewakutanisha, jambo ambalo sijawahi kulipwa. Hosteli tulimwita Spika. Ugomvi wa zamu ya kufagia ulikuwa hauishi mpaka yeye apige mwiko kwenye sufuria na kusema, "Mheshimiwa, keti." Alikuwa anaweza kubishana saa mbili kuhusu jambo asiloliamini, kisha akalala usingizi mzuri. Mwaka 2021 mume alipata ajira, bwana kilimo, akapangiwa huko. Mwaka uliofuata mke, ambaye ni mwalimu, akapata uhamisho wa kumfuata mwenza. Waliondoka na godoro, jiko la gesi na masanduku mawili ya vitabu. Mtoto alikuja mwishoni mwa Machi 2025.

Pasaka ya mwaka huo, mtoto akiwa na wiki tatu, tulikwenda watu watatu. Tulilala Dodoma, asubuhi tukakodi gari. Tulifika saa saba mchana na pampasi za saizi ndogo kabisa, ambazo mtoto alikuwa amebakiza wiki moja kuzipita. Mama yake Spika alikuwa amekuja kutoka Muheza kumlea mwanawe. Alichinja kuku wawili, akapika pilau kwenye kuni kwa sababu gesi ilikuwa imeisha. Spika, aliyejifungua kwa upasuaji, alikaa kwenye kiti cha mbao saa tatu nzima, mgongo wima, akitabasamu kila simu ilipoelekezwa kwake. Tulipokezana mtoto kama kombe. Saa kumi dereva akasema hataki giza limkute kwenye vumbi, tukaaga. Gari lilipokata kona nikamwona bibi wa watu kwenye kioo cha pembeni, ameinama uani anakusanya sahani zetu.

Kwa hiyo anayesema wageni wa mzazi ni mzigo, hasemi uongo. Tulikuwa mzigo, tena wa kufikishiwa mlangoni kwa gari la kukodi. Ila angalia anachofanya na ushahidi huo. Ameona tumekwenda vibaya, akahitimisha tusiende kabisa. Mtu aliyekula wali ulioungua haachi wali. Anamtafuta mpishi mwingine. Ubaya wetu ulikuwa kwamba tulikwenda kama wageni wa harusi: tumevaa, tumekuja wengi, tumekaa kitako, tumepigwa picha, tumekula, tumeondoka.

Sasa tuje kwenye hela, maana ndiyo ngome kubwa ya wenzangu.

Nchi ile ya Mpwapwa na Ugogo ina historia ndefu ya watu wanaopita. Karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipumzika Mpwapwa kwa sababu palikuwa na maji, na mbele yake kulikuwa na nyika kavu iliyoitwa Marenga Mkali. Ukishaivuka unaingia Ugogo, na Ugogo kulikuwa na hongo. Mwenye msafara alitoa doti za nguo, shanga na nyaya kwa mtemi wa mahali, ndipo wapagazi wake wanywe maji na kupita. Akifika kwa mtemi wa pili, anatoa tena. Stanley alipita huko mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, na malalamiko yake kuhusu hongo yamejaza kurasa. Leo neno hilo kwetu ni rushwa tu. Zamani lilikuwa na maana safi zaidi: ushuru wa kupita. Aliyelipa hongo hakuwa mgeni wa mtu. Alikuwa mpita njia aliyelipa ili asiulizwe zaidi.

Elfu kumi tunayotuma ni hongo kwa maana hiyo ya zamani. Tunailipa kwa mtemi wa urafiki ili tupite na safari yetu. Ushahidi ni namna tunavyojisikia baada ya kutuma: wepesi. Hakuna anayetuma hela ya hongera kisha akabaki na hamu ya kufika. Hamu inaondoka na muamala. Sikatai kwamba hela ina kazi. Ile ya kundi letu ilinunua pipa la maji la lita 200, nililikuta uani nilipokwenda mara ya pili na nilichota humo kila siku. Lakini pipa halijibu ukilisemesha.

Na tuulizane kidogo: huyu anayehitaji kuachwa apumzike, nani alimuuliza? Katika kundi letu la watu 23 hakuna aliyempigia Spika kumwambia, "Unataka tuje au tusije?" Tulimwamulia. Niliporudi Kibakwe mara ya pili nikamuuliza mwenyewe kama alikuwa anataka tumwache apumzike. Alikuwa anamfunga mtoto mgongoni, akasema bila kugeuka, "Nimepumzika mpaka nimechoka."

Mara ya pili nilikwenda Agosti, peke yangu, nikakaa siku nane. Sikuchagua Agosti kwa hekima; nilikuwa nimepanga Julai, nikapata mafua, nikaahirisha. (Wanaosema mgeni huleta maradhi kwa kichanga wana haki kamili, na dawa yake ni hiyo: ukipiga chafya, baki kwako.) Lakini kuchelewa kule kulinifundisha jambo ambalo natamani kila mweka hazina alijue.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba anapewa siku zisizopungua 3. Mama akirudi kazini anaruhusiwa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Chukua kalenda uhesabu. Katika siku zile 84 nyumba ya mzazi ina watu: bibi yupo, majirani wanaleta uji, waumini wa kanisani wanakuja, na sisi wa mjini tunarusha vikopa. Siku ya 85 wote hawapo. Bibi wa Muheza alikuwa amerudi kwake katikati ya Juni, machungwa yameiva shambani na hakuna mwingine wa kuyasimamia. Likizo ilikuwa imeisha, Spika yuko darasani na watoto wengi na chaki, anatembea haraka kwenda nyumbani kunyonyesha, anarudi anatembea haraka zaidi. Mume alikuwa Nzuguni kwenye maandalizi ya Nane Nane, kama mabwana kilimo wote wa kanda ya kati. Nyumbani amebaki dada wa kazi, binti wa miaka 19 asiyelala usiku, na mtoto wa miezi minne ambaye kwa utaalamu wa kliniki anatakiwa aishi kwa maziwa ya mama peke yake hadi afikishe miezi 6.

Hapo ndipo rafiki anapotakiwa, na hapo ndipo sisi tumeshasahau hata jina la mtoto. Tunazihesabu siku za mzazi kwa desturi ya arobaini, tunaona baada ya hapo mambo yametulia. Mwajiri anahesabu 84. Baina ya arobaini ya desturi na themanini na nne ya sheria, hakuna aliyeweka alama ya siku ambayo nyumba inabaki tupu.

Mtu atasema: lakini hiyo ni shida ya kila mama mwenye kazi, hata wa Kinondoni. Kweli. Ndiyo maana nimesema kwa aliyehama kwanza akazaa baadaye, uongo wetu ni mara mbili. Wa Kinondoni ana dada yake Magomeni. Ana jirani aliyemjua akiwa na mikia miwili ya nywele. Kuna bibi fulani pale mtaani ambaye, akimwona na mtoto, anasema, "Huyu naye! Si ndiye aliyedondoka kwenye mwembe wetu?" Kwa watu hao kuzaa kwake ni sura moja ya hadithi ndefu wanayoijua tangu mwanzo. Wamemwongezea jina, hawajamfutia la zamani.

Kibakwe hadithi ya Spika imeanzia katikati. Miaka ya kwanza alikuwa "Madamu". Baada ya Machi akawa Mama Fulani, naye mumewe Baba Fulani, na kwa heshima kamili. Wagogo na Wahehe wa pale ni watu wa utu. Kila asubuhi bibi jirani alipita uani akisema "Mbukwenyi", nami najibu kwa Kiswahili kwa aibu, na mara mbili aliacha mlenda uliokaushwa bila kusubiri shukrani. Sina neno baya juu yao. Lakini hakuna mtu pale, kwa kilomita mia nne na zaidi, aliyewahi kumsikia akipiga mwiko kwenye sufuria. Mumewe anajua, ila mumewe naye amechoka. Wakiwa mezani wanaitana Mama na Baba na wanaongea juu ya mafuta ya pikipiki.

Agosti ile nilishuka kwenye gari kituoni, nikamwona amesimama kivulini na mwavuli, mtoto mgongoni. Nikaita kwa sauti yote ya Mabibo: "Spikaaa!" Watu wakageuka. Bodaboda mmoja akacheka. Yeye alisimama tu, kama mtu aliyesikia redio ya zamani ikishika stesheni. Kisha akasema, polepole, "Mheshimiwa." Halafu akalia kidogo, akasema ni vumbi, na kweli vumbi lilikuwapo, upepo wa Agosti wa Dodoma si wa mchezo.

Siku mbili za kwanza nilichoka, nikiri. Mazungumzo yote yalikuwa mtoto: amekula, amejamba, amelala, mbona halali. Nilijisemea moyoni huenda wale wa kundi walikuwa sahihi na urafiki wetu umekwisha muda wake. Watu wengi huondoka wakati huo, wanarudi mjini na ripoti kwamba fulani amebadilika, hana tena habari nyingine. Wanatoa hukumu siku ya pili. Sote tunaijua ile methali ya mgeni siku mbili, na wenzangu huitaja wakidhani inamfukuza mgeni. Isome vizuri: siku ya tatu anapewa jembe. Anayefukuzwa hapewi zana.

Jembe langu lilikuwa karanga. Mume alikuwa amebakiza gunia la mbegu na alitaka zimenywe kwa mkono, maana kwa mashine zinapasuka na zilizopasuka hazioti. Siku ya tatu jioni Spika akatandika mkeka, akamwaga karanga katikati, tukakaa, dada wa kazi nikamwambia akalale. Kumenya karanga hakuna siri. Unabana ganda kwa kidole gumba na cha shahada, linalia "ta", unadondosha punje kwenye ungo. Baada ya saa moja ukucha unauma, baada ya mbili hauumi tena kwa sababu umekufa ganzi. Mikono ikiwa na kazi, mdomo unapata nafasi. Hatukutazamana, tulitazama ungo. Ndipo akaniuliza swali ambalo sikulitegemea:

"Hivi, mimi nilikuwa naongea sana, eti?"

Nikamkumbusha siku aliyomfukuza mlinzi wa hosteli kikaoni kwa kosa la kuingilia hoja. Alicheka mpaka maziwa yakalowanisha kanga. Akasema alikuwa ameisahau kabisa siku ile. Akasema, na hapa aliacha kumenya, kwamba kuna wakati alidhani yule mtu alibaki Dar na huyu wa hapa ni mwingine. Jioni ya nne tulibishana. Jioni ya tano tulibishana vibaya, kuhusu kama shule za bweni kwa watoto wadogo zipigwe marufuku. Alishinda, na mimi ndiye niliyekuwa upande anaouamini.

Sasa niambie, kitu hicho kinatumwa kwa namba gani?

Wananiambia, wewe hujazaa, hutaelewa. Sikuelewa, ndiyo. Lakini uelewa nilioutaka nilifundishwa na yule binti wa miaka 19 kwa dakika kumi: shingo unaishika hivi, cheuo kinatoka hivi, nepi inafungwa hapa. Kilichobaki ni mikono, na mikono ya asiye na mtoto ndiyo iliyo wazi. Mwenye watoto wanne nyumbani hawezi kwenda Kibakwe siku nane hata akitaka. Zaidi ya hapo, wageni waliozaa huja na mzigo wa pili, ushauri. Nikiwa pale alipita mama mmoja mwema akasema mtoto huyu ana njaa, aanzishiwe uji mwepesi. Mwingine akasema apewe maji ya sukari. Kadi ya kliniki ilikuwa pale mezani, chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zimejazwa, na nesi ameshasema maziwa tu. Spika alikuwa ananitazama nami nimenyamaza, kwa sababu sikuwa na la kusema. Baadaye akaniambia huo ndio mchango wangu mkubwa wa wiki nzima.

Wananiambia pia kwamba kukaa siku nane kwa mtu ni mambo ya zamani, watu sasa wana kazi. Hoja hii hunishangaza kuliko zote. Kabla hatujahamia Dar tulikuwa Tabora, baba akiwa mtumishi wa serikali. Kizazi chake kilihamishwa huku na huku. Ilikuwa ni sera tangu enzi za Mwalimu Nyerere kwamba mtu wa Bukoba afundishe Mtwara na wa Mtwara atibu Musoma. Nao walizaa ugenini. Alikuja mtu mmoja kwetu, mdogo wangu alipozaliwa, amesafiri kwa treni usiku kucha na siku nzima. Akakaa mwezi. Alitujengea banda la kuku ambalo lilikuwa limeinama upande mmoja, na kila kuku alilala upande huo. Nilimwita baba mkubwa hadi nilipofika miaka 12, ndipo nikaambiwa hana undugu wowote na sisi: walikutana tu na baba jeshini, JKT. Hakuwa na mtoto wakati ule. Hakuwa na simu ya kuuliza kama wamepumzika.

Sasa linganisha na sisi. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024, na nauli ya daraja la kawaida ilitangazwa kuwa Sh 31,000. Unapanda Dar asubuhi, saa nne hivi za safari, umeshuka Dodoma kabla ubaridi wa soda uliyonunua haujaisha vizuri. Kutoka hapo ni gari la Mpwapwa kupitia Mbande na Kongwa, kisha la Kibakwe. Safari ya baba mkubwa tumeikata vipande, tumeirahisisha, tumeitia kiyoyozi, halafu tunasema umbali ndio unatuzuia. (Pale Kongwa huwa nakumbuka Waingereza waliofika mwaka 1947 na matrekta yao kulima karanga, wakafunga mradi mwaka 1951. Wageni wa mipango mikubwa, hawakukaa kitako na mwenye udongo wakamuuliza mvua hunyesha lini. Miongo mingi baadaye karanga zinastawi wilaya jirani kwa jembe la mkono na gunia la mbegu iliyomenywa usiku.)

Na ile ahadi kwamba watakuja wao? Nimeiona. Walikuja Dar Desemba. Siku mbili walikuwa kwa mama mkwe Tabata, siku nne Muheza, siku moja hospitali kumwonyesha babu mgonjwa. Mimi nilipata saa moja na nusu kwenye mgahawa wenye kelele, mtoto amechoka, simu ya shangazi inaita kila baada ya dakika tano kuuliza wako wapi. Anayerudi kwao ni mali ya ndugu, na haki yao. Rafiki wa aliyehama akimsubiri mjini, anasubiri makombo. Kibakwe hakuna shangazi. Kibakwe mtu ni wako kuanzia anapotoka darasani hadi karanga zinapoisha.

Sitaki nionekane nimesema kila mtu afunge safari kwa kila kichanga. Nina watu zaidi ya mia tatu kwenye simu. Nikiwatembelea wote nitafukuzwa kazi, na wengine watanifukuza wao. Nazungumzia wale wawili au watatu ambao usipokwenda wewe hakuna mwingine anayeijua sehemu ile ya maisha yao. Kila mtu anawajua wake. Kwa hao, kutuma hela na kunyamaza kisha kujisifu kwamba umewapa nafasi ya kupumzika, naona ni uvivu tulioupaka mafuta ukang'aa kama adabu. Tulio mjini tumepata namna ya kuwa wavivu na kushukuriwa papo hapo.

Siku ya tisa alfajiri Spika alinisindikiza kituoni na kitunguu nusu gunia, ambacho nilikataa mara tatu na kukibeba. Mtoto alikuwa macho, ananitazama kwa uzito wa hakimu. Gari lilipoanza kuondoka mama yake aligonga dirisha kwa ufunguo mara mbili, ko, ko, akasema, "Mheshimiwa, keti." Kondakta akadhani mimi ni mbunge, akanihamishia kiti cha mbele.

Wiki iliyopita imeingia picha nyingine kwenye kundi. Mguu, soksi ya njano. Mwenzetu tuliyekaa naye ghorofa ya pili, aliyehamia Namtumbo miaka mitatu iliyopita, amepata mtoto wa kike. Kabla ya saa sita namba ilikuwa imeshabandikwa. Nilituma elfu kumi yangu, jina langu likawekwa tiki, nafasi ya tisa. Kisha nikampigia mumewe nikamuuliza likizo ya mkewe inaisha tarehe ngapi, na magari ya Songea yanaondoka saa ngapi.